Kumbe Askari Wetu Ana Pua

Tamsen, Ohio
Jumapili, 6 Oktoba 1974

Dada yangu mpendwa Leota,

Pokea salamu kutoka nyumbani, na juu yake salamu za kila anayekukumbuka hapa, yaani mji mzima, wakiwemo wanaokuogopa. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani kwako huko Arizona, mguu juu ya kigoda, na kifua chako kinakuruhusu kupumua bila kukudai chochote. Sisi hatujambo. Mimi ni mzima, ukiliacha goti la kushoto, tumbo linaloingia dukani kabla yangu, na nywele ambazo siku hizi nazichana kwa mazoea tu. Binamu Verlin naye yupo. Amesema anakuandikia barua tangu Julai, ila wewe unamjua, hawezi kuandika habari nyingine mpaka amalize habari za figo lake, na figo lenyewe bado lina mengi ya kusema. Kwa hiyo najua hujasikia neno, na heri ulisikie kwangu.

Barua yako niliipata. Nimefurahi mno kwamba asali ilifika salama na chupa haikuvunjika. Umeniambia unalamba kijiko kizima kila asubuhi, kikohozi kimekuachia nafasi ya kulala, na kwamba yeyote aliyeirina asali ile na kuifunga kwa kile kitambaa cha vidoti, Mungu ampe kila anachokitaka hapa duniani, hata kama anachokitaka ni upuuzi. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, Dada. Nimeyakunja nikayaweka mfukoni mwa koti la kanisani. Nitayarudia huko mbele.

Sasa kaa vizuri. Kama umesimama, keti. Nakuandikia kwa sababu ya askari wetu, sanamu yetu ya vita vya Kaskazini na Kusini. Meya Gostick anataka kumshusha pale uwanjani, na kisheria hawezi bila saini yako, kwa kuwa wewe bado ndiwe mwenyekiti wa Chama cha Mabinti wa Mashujaa. Najua ulihamia Arizona miaka tisa iliyopita. Lakini hakuna aliyethubutu kuitisha uchaguzi, na mara ya mwisho mtu alipogusia, wenzake walimwangalia kana kwamba ametukana kanisani. Mkutano ni mwezi ujao. Meya atakuandikia, na barua yake itakuwa tamu. Nakuomba, kabla hujashika kalamu, unisikilize mimi mdogo wako mpaka mwisho, ingawa katikati utatamani kunichapa.

Yote yalianza Agosti, kwenye lile joto. Bendi ilikuwa inafanya mazoezi uwanjani kwa ajili ya maonyesho ya kilimo, na Verlin alikuwa kwenye benchi lake akiwaelekeza wapiga tarumbeta jinsi wanavyokosea. Akainua macho akamwona askari wetu analia. Alisema alidhani ni jua, akavua miwani, akaifuta, akavaa, na askari bado analia, chozi moja nene linatoka pembeni mwa jicho la kulia na kuteremka lile shavu lake kubwa la rangi polepole, bila haraka. Verlin akapiga ukelele. Bendi ikanyamaza, kitu ambacho Verlin alikuwa akikiomba tangu asubuhi.

Dada, kabla ya saa sita mji mzima ulikuwa pale. Unakumbuka mwezi ule habari za Washington zilivyokuwa, wakubwa wanajiuzulu na redio hazizimwi. Basi wa chama kimoja wakasema askari analia kwa majonzi, na wa chama cha pili wakasema ni machozi ya furaha, wakaanza kusukumana kifua kwa kifua pale pale chini ya majina ya marehemu. Mchungaji alisimama juu ya kreti ya soda akatuomba tusikimbilie kusema muujiza. Mama mmoja akamjibu kwamba kama yeye mchungaji hasemi muujiza, basi atamwita padri wa Kikatoliki kutoka mji wa pili, wao hawana ubahili na mambo hayo. Verlin ndiye aliyemaliza ubishi. Alipanda kwenye benchi, akanyoosha mkono na fimbo yake, akachovya ncha ya fimbo kwenye chozi, akalamba. Akalamba tena. Kisha akasema, “Jamani, huyu mtu ni mtamu.”

Ilikuwa asali. Unajua askari wetu ni wa zinki, na ndani ni mtupu kama birika. Nyuki walikuwa wamepata njia kwenye tundu la mdomo wa bunduki, wakashuka ndani, wakamjaza. Miaka mingapi, hakuna ajuaye. Joto la siku ile likayeyusha masega. Na Meya, badala ya kutafakari, akaona ni vizuri kumgonga askari kwa fimbo ya kuongozea bendi ili asikie kama amejaa. Alisikia. Nyuki nao walisikia. Nakuambia sijapata kumwona Orrin Gostick akikimbia tangu tukiwa shule, na hata shule hakuwa akikimbia namna ile. Aliingia saluni ya akina mama, akajitumbukiza chini ya ile mashine ya kukausha nywele akidhani itamkinga, na bibi mwenye zamu yake akamwambia kwamba mashine hiyo ameilipia, Meya au si Meya, atoke.

Mimi sikukimbia. Ningependa kukuambia ni ushujaa, ila ni goti. Na kesho yake, kwa kuwa mimi ndiye ninayempaka askari rangi na ndiye mwenye duka la misumari, watu walinitazama mimi. Nikachukua ngazi na kopo kubwa la dawa ya mende. Usiniulize nilichofikiri. Nilifika kifuani mwake, nikapuliza mara moja, na niliyoyaona baada ya hapo sikuyaona, kwa sababu macho yalifumba yenyewe. Waliponishusha uso wangu ulikuwa umevimba mpaka pua haionekani. Watu walisema tumefanana, mimi na askari, kama ndugu wa tumbo moja. Na kweli, hata yeye hakuwa na pua.

Hapo ndipo aliitwa Bi. Odessa Tillery. Yeye anafuga nyuki kule Barabara ya Kettle, ni mjane wa yule fundi wa reli aliyehamia hapa akafariki. Unamkumbuka, Dada, usijifanye humkumbuki. Mei iliyopita, ulipokuja kama kila mwaka kwenye chakula cha Siku ya Kumbukumbu, wewe ulikata kipande cha pai ya pichi, ukamwuliza pichi zimetoka wapi, akasema zimetoka kwao Georgia, huko Kusini, nawe ukarudisha kijiko mezani, ukafuta mkono, ukaondoka. Bi. Odessa hakukasirika. Aliwaambia wenzake amewahi kusikia watu wakitekwa vitani, lakini hii ni mara ya kwanza kuona pai inachukuliwa mateka halafu hailiwi. Kipande chako nilikila mimi. Ilikuwa pai ya maana.

Basi alikuja na kopo lake la moshi, kisanduku, na bisibisi. Hakuvaa glavu. Alipanda ngazi huku anaimba kwa pua, nyuki wakamtua mikononi na kumtembelea kama watoto wanaomsubiri shangazi. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi, jicho moja limefunguka kidogo. Akaniambia kwamba askari wa namna hii huwa na kibao mgongoni na kingine kiunoni, vimefungwa kwa skrubu, ila hazionekani, rangi imezifunika. Akaniomba ruhusa akwangue.

Sasa hapa, Dada, najua moyo wako umeruka. Wangu pia uliruka. Brashi ndiyo, kisu hapana. Hivyo ndivyo alivyoagiza Babu Mkuu Ezra siku aliyomsimamisha askari uwanjani, kwamba apakwe buluu siku hiyo hiyo kabla hata watu hawajaondoka, apakwe tena kila Mei, na asikwanguliwe kamwe, kwa heshima. Babu akamwambia Baba, Baba akakuambia wewe, nawe ukaniambia mimi kwa mgongo wa brashi juu ya vidole. Miaka zaidi ya themanini tumemwongezea rangi juu ya rangi, mpaka vidole vikaungana, masikio yakazama, akawa kama mtoto aliyevalishwa masweta yote ya nyumba kwa mkupuo. Lakini nyuki walikuwa elfu kadhaa, na mimi nilikuwa na jicho moja. Nikamwambia akwangue. Kidogo tu.

Haikuwa kidogo. Alitia bisibisi kiunoni, akainua, na rangi ikatoka bamba zima kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Ikatoka kiunoni, ikapanda kifuani, ikavuta na nusu ya bega. Chini yake kulikuwa na mkanda. Kwenye mkanda kulikuwa na bizimu. Bi. Odessa akaipangusa kwa kidole gumba. Akaacha kuimba. Akakaa kwenye kipago cha ngazi, akaanza kucheka, akacheka mpaka ngazi ikatikisika mikononi mwangu, na nyuki, nakuapia, wakatulia. Nilimwuliza kuna nini. Akafuta machozi, akasema, “Bwana Lowell, pole sana. Huyu kijana ni wa kwetu.”

Ndiyo, Dada. Ni askari wa Kusini. Bizimu ina alama ya jeshi lao, haina utata. Na ukishajua, unaona mengine yote. Ile kofia ya pama pana ambayo tulisema watu wa Ohio waliipenda. Lile blanketi lililoviringishwa begani, ambalo wewe mwenyewe huwaeleza watoto wa shule kila mwaka kwamba alikuwa njiani kurudi nyumbani, kachoka, katupa mzigo. Hakutupa mzigo. Hakuwa na shanta toka mwanzo. Wenye shanta mgongoni na kofia ndogo ya chepeo kichwani ni wa kwetu. Kiwanda kilichouza askari wa pande zote mbili kilikosea, kikatuletea wa kwao.

Meya naye, shavu moja bado kubwa kuliko jingine, akaja akatazama. Neno la kwanza alilosema ni “Funika.” La pili, “Lowell, una rangi dukani? Leta sasa hivi.” Ila Verlin alikuwa kwenye benchi lake, na kumfichia Verlin jambo analoliona kwa macho yake ni sawa na kuizuia kengele ya kanisa kwa kuitolea macho. Jioni hiyo hiyo hadi waliolazwa hospitali walikuwa wanajua.

Niligeuza jambo hili kichwani kwa siku nyingi, hasa mbele ya picha ya Babu Mkuu Ezra pale ukutani sebuleni. Unajua anavyotutazama. Nikajiuliza, ni mji gani mwingine hupaka rangi sanamu ya zinki? Hakuna. Nimeuliza. Zinki haihitaji rangi. Na kwa nini apakwe siku ile ile, watu wangali wamekaa kwenye viti? Dada, yule mzee alijua. Alifungua kreti, akaona bizimu, na watu wamealikwa, gavana yuko njiani, keki zimeokwa. Akaagiza debe la buluu, rangi ya jeshi letu. Halafu akatufunga sisi wote, kizazi kwa kizazi, kwa ile amri ya kutokukwangua, akaiita heshima. Nilipomaliza kuhesabu hayo nilicheka peke yangu mbele ya picha, na mara ya kwanza maishani nilimpenda. Zamani nilikuwa namwogopa tu.

Lakini sijafika kwenye kiini. Pale pale juu ya ngazi, akiwa bado anacheka, Bi. Odessa alisema jambo ambalo baadaye alitamani kulimeza. Kwao kunaitwa Cawley, mji mdogo huko Georgia, nao wana askari wao uwanjani. Na askari wa Cawley huvaa koti. Koti la kitambaa, Dada, la kijivu kama la jeshi lao, linaloshonwa jipya kila Aprili na akina mama wa mji, likavishwa juu ya sanamu na kufungwa vifungo hadi shingoni, mvua au jua. Ukiwauliza sababu, watakuambia ni heshima, waliambiwa na mama zao. Bi. Odessa alishona vifungo vya koti hilo tangu akiwa msichana. Kwa nyuma koti halikai vizuri kwa sababu askari ana nundu. Watoto wa Cawley humwita Kibyongo, na wazee wao walieleza kwamba nundu ile ni dhambi za watu wa Kaskazini alizotwishwa. Siku moja, alipokuwa binti wa miaka kumi na kitu, alichungulia chini ya koti. Haikuwa nundu. Ilikuwa shanta. Na kichwani, tangu siku ya kwanza, mbele ya macho ya wote, ana chepeo, ambalo Cawley nzima inaamini alimnyang'anya adui.

Unaona ilivyokwenda. Sisi tulipaka, wao walivisha. Miji miwili, kila mmoja na mzee wake mjanja.

Meya aliposikia hayo, akapona ghafla. Sasa hataki tena kufunika. Anataka lori. Anataka kumpakia askari wetu, kumpeleka Cawley kwa bendi na waandishi wa magazeti, na kumrudisha wa kwao huku. Anaita mabadilishano ya wafungwa. Ameshajipimia suti. Watu wengi wanampenda kwa wazo hilo, na mimi mwenyewe mwanzoni niliona si baya, kila mtu kwao. Kwenye kikao cha kwanza Verlin peke yake ndiye aliyepinga. Alisimama akasema huyu kijana amekula theluji ya Ohio miaka themanini bila kulalamika, wakati Meya analalamika kila Novemba, sasa nani kati yao ni mtu wa Ohio? Meya akamwambia akae chini, hili si suala la figo. Verlin akajibu kwamba angalau figo lake liko upande wake, halijawahi kukimbilia saluni. Ilibidi mchungaji apige meza.

Ndipo Bi. Odessa akaomba kusema, akiwa mgeni. Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema babu yake alikuwa na kaka, alitekwa akaletwa Ohio, akafa kambini kwa homa, na kaburi lake hakuna wa kwao aliyewahi kuliona. Alisema nyumbani kwao ilikuwa kawaida kusema kwamba huko Ohio hakuna hata aliyesimama karibu naye. Akasema kumbe alisimama mmoja. Kapakwa rangi isiyo yake, lakini alisimama. Na akatuomba tusiipigie simu Cawley. Shangazi yake anayeshona koti bado yuko hai, ana miaka tisini, mikono inatetemeka, na kila Aprili anasema koti hili ni la mwisho, kisha anashona jingine. Ukimwambia chini ya koti kuna mtu wa Kaskazini, hatashona tena kitu chochote.

Dada, nilikuwa nimekaa nyuma, na nilipomsikia nikamfikiria Alvah wetu. Kila Mei, ukishasoma majina, ukifika kwa Alvah Kessinger sauti yako hukatika, ingawa alikufa kabla Baba hajazaliwa. Kaka wa Babu Mkuu Ezra, aliyekwenda Georgia na hatukujua hata ni shamba gani lililomficha. Uliniambia zamani, nikiwa bado mdogo, kwamba kinachokuuma si kufa kwake, watu hufa, bali ni kwamba kule aliko hakuna mtu aliyewahi kumwekea hata ua.

Leota, huko Georgia, kila Aprili kwa miaka yote hii, wanawake wa Cawley wamemshonea kijana wa kwetu koti jipya. Wamemfunga vifungo asipate baridi. Wamemwekea maua miguuni, wakaimba. Hawakujua, lakini yeye alivaa.

Kwa hiyo nakuomba usitie saini. Wacha kila mmoja abaki pale wenzake walipofia. Meya atakuambia ni kosa lirekebishwe, na ni kosa kweli, lakini mimi sijaona makosa mawili yaliyosahihishana vizuri hivi. Tukimchukua wa kwetu, Alvah anavuliwa koti. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Huyu wa hapa nimemkwangua mpaka mwisho, najua utauliza. Nisingeweza kumwacha nusu. Kazi hiyo ilinichukua Septemba nzima, kwa kisu cha putii na subira, na Bi. Odessa alinisaidia upande wa uso kwa sababu mikono yake ni myepesi. Dada, kumbe ana pua. Pua nzuri, nyembamba kidogo, imeinuka kwa mbele. Ana vidole, kila kimoja peke yake. Ana kishimo kidevuni. Na ni mtoto. Siku zote tulidhani ni baba mtu mwenye mashavu, kumbe ni kijana ambaye ndevu bado zinamtafakari. Verlin alipomwona alivua kofia, akakaa benchini mchana mzima bila kumsahihisha mtu yeyote.

Debe la buluu lipo dukani, halijafunguliwa. Nilifikiri labda aachwe na zinki yake ya kijivu, lakini Bi. Odessa alisema kijana aliyekaa kwa watu muda mrefu hivi huvaa wanavyovaa wenyeji. Basi ukiniruhusu, Mei nitampaka tena, tabaka moja jepesi, pua ionekane.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa. Umeona, nadhani, kwamba katika barua hii kuna jina limejirudia kuliko kawaida. Nilijitahidi kulipunguza.

La kwanza. Nyuki walihamishwa salama, wako kwenye mzinga nyuma ya nyumba ya Mama, chini ya ule mti wa tufaha za kijani, na wanaendelea vizuri. Lakini waliacha masega, na masega yalikuwa yamejaa. Yalirinwa yote, kwa usafi, kutoka ndani ambako rangi haijafika. Mji mzima ulipata chupa. Ya kwako nilikutumia kwa posta. Ndiyo, ile. Ile ya kitambaa cha vidoti. Kila asubuhi, Dada yangu, mwenyekiti wa Mabinti wa Mashujaa, kifua chako kinatulizwa na kijiko kilichotoka kifuani mwa askari wa Kusini, na wewe mwenyewe umeandika kwa mwandiko wako kwamba hujapata kuonja kitu bora.

Aliyeirina na kuifunga ni Odessa.

La pili. Siku niliyoumwa na nyuki, alinikalisha kwenye ngazi ya mnara wa askari akanitoa miiba mmoja mmoja kwa ukucha. Nilikuwa siwezi kuona wala kufungua mdomo, kwa hiyo nilisikiliza tu, na nimeambiwa kwamba hapo ndipo nilipopendeza. Sikumposa mimi, sina ujasiri huo, unanijua. Yeye ndiye aliyesema kwamba mwanamume wa miaka hamsini na mbili anayepanda ngazi na dawa ya mende kwenda kupigana na nyuki anahitaji kuangaliwa kwa karibu, na kwamba yeye nafasi anayo. Tunataka kufunga ndoa Mei, Jumamosi ile ya kupaka rangi, uwanjani, ili uwe umeshafika na shada lako la maua.

Nilikuwa sijui jinsi ya kukuomba baraka. Kisha barua yako ikaja, nikampelekea akaisome mwenyewe pale ulipomwombea Mungu ampe kila anachokitaka hapa duniani, hata kama ni upuuzi. Nikamwuliza, basi, Bi. Odessa, wewe unataka nini hasa? Alikunja barua yako vizuri. Akanitazama kuanzia viatu, akapanda kwenye tumbo, akamalizia kwenye upara. Akasema, “Dada yako ni mcha Mungu kweli. Ameshautaja upuuzi wenyewe.”

Kwa hiyo sikuombi baraka, Leota. Ulishaitoa, na iko mfukoni mwa koti la kanisani. Nakuomba tu usitie saini, na uje.

Verlin anakusalimu, na figo lake linakusalimu pia. Mchungaji anauliza kama utasoma majina tena mwaka huu ujao, nami nimemjibu asiulize maswali ya hatari. Odessa anakusalimu kwa adabu zote, na anasema safari hii pai itakuwa ya tufaha, za hapa hapa Ohio, kutoka mti wa Mama, ili usipate pa kuweka kijiko ila mdomoni. Funika kifua jioni, na usiache kile kijiko cha asubuhi kwa hasira.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mwenye pua yake tena,

Lowell Kessinger